SOMO LA WANACHAMA: AFYA YA AKILI NA LUGHA YA MGONJWA



Somo letu mara hii halihusu mizani wala hesabu, ingawa lilianzia katika vitabu vya hesabu.

Nikikagua chama kimoja cha msingi, nilikuta mwanachama ambaye kwa misimu miwili hakuleta alizeti wala kulipa deni la pembejeo. Uongozi ulikwisha kuandaa hoja ya kumfukuza kwa sababu ya uvivu. Niliomba tumtembelee kwanza. Alikuwa Mbarbaig, mmoja wa wachache sana chamani humo. Tulimkuta amekonda, hapati usingizi, na ng'ombe wake wanachungwa na jirani. Mkewe alieleza kwamba walikwisha kwenda zahanati, lakini mhudumu hakujua Kidatoga, nao hawakijui Kiswahili vizuri. Maswali yote yalipitia kwa binti yao wa miaka 12. Mgonjwa akaandikiwa dawa ya kuumwa kichwa. Je, ni baba gani atakayemtuma mwanawe mdogo aseme kwamba baba yake anatamani kufa?

1. Ugonjwa huu hutibika. Sonona si uvivu wala laana. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imehudumia wagonjwa wa akili tangu 1927. Katika miaka ya 1980 jitihada za kuyasogeza matibabu hayo hadi vituo vya afya na zahanati zilianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Sheria ya Afya ya Akili ikatungwa mwaka 2008. Hata hivyo, huduma iliyo karibu na nyumba bado iko mbali na mtu asiyeweza kueleza yaliyomo moyoni mwake.

2. Walio wachache hubeba mzigo wa ziada. Katika Wilaya ya Hanang, Wabarbaig walipoteza ekari zipatazo 100,000 za malisho yao kwa mashamba ya ngano ya serikali, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1970 na 1980. Hata jina Wamang'ati, ambalo majirani wamezoea kuwaita, asili yake ni neno la Kimaasai lenye maana ya maadui. Mtu aliyeitwa adui tangu utoto haoni wepesi kumfunulia mgeni huzuni yake.

3. Pana mfano wa kuiga. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha wanawake wazee mjini Harare kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi bencini, nje ya zahanati. Wazee hao hawakuanza na majina ya kitabibu. Walitumia neno la Kishona, "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, kisha wakamsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24, ukiwa na wagonjwa 573, yalitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umekwisha kufika Zanzibar.

4. Wajibu wa chama. Kanuni ya kwanza ya ushirika hukataza ubaguzi, na ya saba hutuagiza kuijali jamii inayotuzunguka. Kwa hiyo yafaa:

(a) mwanachama aliyeacha kuleta mazao atembelewe kabla ya kujadiliwa;

(b) chama kipeleke ombi kwa kamati ya zahanati na serikali ya kijiji, ili wapatikane wakalimani watu wazima wa lugha za walio wachache, wanaokubaliwa na mgonjwa mwenyewe na wanaotunza siri;

(c) vijana wa jamii hizo wahimizwe na wasaidiwe kusomea uuguzi;

(d) habari za ugonjwa wa mwanachama zisisomwe mkutanoni.

Mwanachama niliyemtaja alisindikizwa hadi hospitali ya wilaya na mzee wa ukoo wake anayekijua Kiswahili vizuri. Hoja ya kumfukuza ikaondolewa. Hajapona kabisa, lakini msimu uliofuata alileta magunia manne ya alizeti, na deni lake limeanza kupungua.

Maswali ya kujadili mkutanoni:

Ni lugha zipi zinazozungumzwa nyumbani na wanachama wetu? Ni ipi kati ya hizo isiyosikika katika zahanati yetu? Ni nani katika daftari letu tuliyemwita mvivu bila kumtembelea?