Tone la Maji Lililokula Hela Yangu

Oktoba ya Tabora haina mzaha. Mvua bado, bati linalia mchana kutwa, na ukuta unaendelea kukutemea joto hadi usiku wa manane. Wiki kama hiyo ndipo kiyoyozi changu kilipogoma. Kinawaka, kinapuliza upepo wa kivivu, lakini chumba ni tanuri.

Nikamwita fundi. Akafika na geji zake shingoni kama daktari. Rimoti hakuitazama. Alizunguka nyuma ya nyumba, akausukuma kwa ncha ya kiatu ule mpira wa kutolea maji. Mkavu. "Mzee, unaona mwenyewe? Hata tone hakuna. Gesi imekwisha hii." Nikatoa shilingi elfu themanini, moyo ukiuma. Alijaza, akashika rimoti akabonyeza-bonyeza ili tujaribu, na baridi ikashuka palepale. Nikamshukuru hadi getini.

Kesho yake jioni, tanuri limerudi. Simu ya fundi inaita tu.

Nilikaa kitandani na rimoti mkononi, mara ya kwanza tangu niinunue kuisoma kweli. Kwenye kioo palikuwa na kialama kidogo cha tone la maji. Mpwa wangu alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam wiki ileile, na ndiye anayelala chumba kile. Nikamwuliza. "Mjomba, sisi nyumbani tunaweka tone. Linakata jasho, na luku haikimbii."

Kwa Dar, kijana ana haki. Ukiweka tone, kompresa inafanya kazi kwa vipindi na feni inazunguka polepole. Mvuke uliomo hewani unagusa mabomba ya baridi, unageuka maji, yanatoka kwa mpira. Hewa ya pwani imelowa, kwa hiyo ukiikausha tu mwili unapata nafuu. Lakini Tabora, mita kama 1,200 juu ya bahari, mwezi ambao midomo inapasuka na ngozi inadai mafuta, ukamue nini? Na ndiyo maana ule mpira ulikuwa mkavu. Haukukauka kwa kukosa gesi, ulikauka kwa kukosa mvuke. Themanini yangu ilikwenda kwa somo la hali ya hewa.

Haya, alama za rimoti na maana yake. Kwanza, alama ya theluji ndiyo ya kupoza, Oktoba usiiache. Weka 25 au 26, washa na feni ya dari. Kuiteremsha hadi 16 hakuharakishi baridi, kunaharakisha luku. Pili, alama ya feni inapuliza tu, haipozi, na haili umeme mwingi. Tatu, mishale inayozunguka maana yake mashine inajiamulia, mimi siiamini. Nne, jua ni la kupasha joto. Hapa nina kinyongo. Muuza duka alinisifia hilo jua kwa ajili ya usiku wa Juni na Julai, ambapo Tabora blanketi moja halitoshi. Julai ikafika, nikabonyeza, hakuna kitu. Kumbe mashine ni ya kupoza tu, rimoti ndiyo imetengenezwa kwa ajili ya mashine za kila aina! Muuzaji akikuonyesha kitufe, mwambie awashe mashine.

Ninachotaka ushike ni hiki. Kabla hujamwita mtu, weka theluji, teremsha hadi 18, kisha toka nje. Subiri dakika tatu au nne, kwa sababu kompresa ikizimwa huwa inachelewa kidogo kuanza tena ili isijiumize. Sasa sikiliza lile boksi la nje. Likinguruma bila kukatika na kupuliza hewa ya moto usoni pako, huku ndani kunapoa, mashine ni nzima. Kosa lilikuwa kwenye rimoti. Likiwa kimya kabisa, kuna tatizo la umeme au la kompresa. Likinguruma na ndani hakupoi, safisha kwanza chujio, kwa vumbi letu hili la kiangazi. Bado? Hapo mwite fundi. Na akisema gesi imekwisha, mwulize swali moja: imevujia wapi? Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuandalia safari ya pili.

Jumapili nilimpeleka mpwa wangu Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Nje jua linachoma, ndani kuta nene za udongo zimetunza ubaridi. Njiani tulipita chini ya miembe, na nikamweleza kwamba mti huo uliletwa huku na watu wa misafara waliotoka pwani.

Mwembe wa pwani uliikubali Tabora. Tone la maji, Oktoba, halikukubali. Lisubiri mvua, nguo zitakapogoma kukauka; hadi hapo, theluji.