Bima ya Ugaidi: Maswali Yanayoulizwa Garissa na Kaskazini Mashariki

Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, liliua watu 148. Miezi michache kabla yake, Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, na mwanzoni mwa Desemba wachimba mawe 36 wakauawa karibu na mji huohuo. Tangu hapo magari na minara ya simu imeshambuliwa mara kadhaa katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Maelezo haya ni ya mwenye duka, mwenye basi, mwajiri, mfanyakazi na familia inayotaka kujua nani hulipa hasara ya namna hii.

Je, bima yangu ya kawaida ya duka, nyumba au gari inalipa hasara ya ugaidi?

Kwa kawaida hailipi. Mikataba mingi ya bima ya moto, wizi na magari ina sehemu inayotaja mambo yasiyolipiwa, na humo utakuta vita, uasi na ugaidi. Masharti hayo yalikazwa duniani kote baada ya mashambulizi ya Marekani ya Septemba 2001, pale kampuni kubwa zinazozikatia bima kampuni nyingine za bima zilipokataa kuendelea kubeba hatari hiyo bila malipo ya ziada. Kampuni ya Nairobi isiyo na kampuni kubwa ya kuegemea haiwezi kumuahidi mteja wa Garissa kile ambacho yenyewe haikuahidiwa.

Basi kinga hiyo inapatikana vipi?

Inanunuliwa kando, ama kama nyongeza kwenye bima ya mali ama kwa mkataba wake wenyewe. Kampuni huiita bima ya vurugu za kisiasa na ugaidi. Inaweza kulipia jengo, bidhaa, mitambo na magari, na ukilipa zaidi, hata mapato uliyoyakosa duka likiwa limefungwa. Shirika la ATIDI lenye makao Nairobi, lililoanzishwa mwaka 2001 na mataifa ya Afrika kwa jina la ATI, nalo hutoa kinga ya aina hii kwa wawekezaji na wafanyabiashara.

Bei hutegemea mahali mali ilipo, ulinzi uliopo na matukio ya nyuma. Kwa hiyo mwenye ghala karibu na mpaka wa Somalia atarajie kuulizwa mengi na kutozwa zaidi ya mwenzake wa Nakuru, na kampuni ina haki ya kumkataa. Uliza mapema ni kiasi gani cha hasara utakachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Taja pia thamani halisi ya mali: ukikatia bima nusu ya thamani, unaweza kulipwa nusu tu ya hasara.

Nani huamua kama tukio ni ugaidi, ujambazi au mapigano ya koo?

Uamuzi huanza na maneno ya mkataba. Hapa ndipo wengi wa Kaskazini Mashariki hukwama, maana duka linaweza kuchomwa na wanamgambo, na majambazi, au katika ugomvi wa koo mbili. Mkataba unaolipia ugaidi peke yake unaweza kuzua mvutano endapo waliochoma hawakujulikana. Omba mkataba unaounganisha ugaidi, ghasia na uharibifu wa makusudi, ili mabishano kuhusu nani alifanya yasizuie malipo yako.

Abiria aliyejeruhiwa basi liliposhambuliwa atalipwa na bima ya basi?

Asiitegemee. Bima ya lazima ya mtu wa tatu, chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, imekusudiwa madhara yanayotokana na matumizi ya gari barabarani. Risasi ya mshambuliaji ni jambo jingine. Mwenye basi wa njia ya Garissa hadi Mandera anaweza kununua bima ya ajali binafsi kwa abiria wake, lakini ahakikishe kwa maandishi kwamba inalipia shambulio.

Na mfanyakazi aliyeshambuliwa akiwa kazini?

Aanze kwa mwajiri. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na mafao ya kifo au ulemavu kamili wa kudumu hukokotolewa kwa mshahara wa miezi 96. Fundi wa mnara, mchimba mawe au familia yake watoe taarifa mara moja, na dai lisicheleweshwe kupita miezi 12. Walimu na polisi waulize mwajiri wao kuhusu bima ya maisha ya kundi.

Bima ya mifugo, au takafuli (bima inayofuata kanuni za Kiislamu), inasaidia?

Bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti hupima ukame wa malisho. Malipo ya kwanza ya aina hiyo kwa mfumo wa takafuli yalitolewa Wajir mwaka 2014. Ngamia akiuawa au akiporwa katika shambulio, bima hiyo haihusiki. Kwa wanaoepuka bima ya kawaida kwa sababu ya dini, kampuni za takafuli hukatia mali pia, ila nazo zina orodha ya yasiyolipiwa, isomwe vilevile.

Serikali ina wajibu gani?

Kwa watu, sheria ipo. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 kinaanzisha mfuko wa kuwafidia waathiriwa wa ugaidi, na mali iliyotaifishwa kwa kuhusishwa na ugaidi ni miongoni mwa vyanzo vyake. Hata hivyo, waathiriwa, wakiwemo wa bomu la Nairobi la Agosti 1998, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba fidia haijawafikia.

Kwa mali, Kenya haina mpango wa lazima ambamo serikali huwa mdhamini wa mwisho. Uingereza iliunda Pool Re mwaka 1993 baada ya mabomu ya London: kampuni za bima huchanga pamoja, na hazina ya serikali hudhamini pale mchango unapokwisha. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2002. Afrika Kusini ina Sasria, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1979, ambayo ghasia za Julai 2021 ziliielemea hadi serikali ikalazimika kuiongezea fedha.

Nikishambuliwa, nifanye nini?

Ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Piga picha kabla ya kusafisha, tunza risiti, hesabu za bidhaa na ripoti za hospitali, kisha iarifu kampuni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Dai likikataliwa bila sababu ya kuridhisha, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo ndiyo inayosimamia kampuni zote za bima nchini.

Udhamini wa serikali ungeshusha bei ya kinga hii na kuifikisha kaunti zinazoihitaji zaidi, na wabunge na maseneta wa Kaskazini Mashariki wana haki ya kuudai, pamoja na kudai mfuko wa waathiriwa utekelezwe. Wewe mwenye mali usingoje. Toa mkataba wako leo, fungua ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, na kama neno ugaidi limo, mwite wakala wako.