Kano ya Kisigino: Madhara Yake na Tiba Yake

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu, mkoani Geita, apandapo kutoka katika duara akiwa na kiroba cha mawe begani, hukanyaga kwa ncha za vidole. Katika kila hatua, uzito wake pamoja na ule wa mzigo huinuliwa kwa kano moja iliyo nyuma ya kifundo cha mguu. Kano hiyohiyo humrusha juu mcheza ngoma wa Bagika au Bagalu katika mashindano ya Usukumani baada ya mavuno, na humsukuma mbele mkimbiaji katika barabara za Shinyanga. Madaktari huiita kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hekaya za Wayunani aliyeuawa kwa mshale wa kisigino.

Kano hii huunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ni nene kuliko kano zote za mwili, kwani mtu akimbiapo, nguvu inayoivuta yaweza kuzidi mara 6 ya uzito wake. Hata hivyo, damu inayoifikia ni kidogo, hasa kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino, na hapo ndipo madhara mengi hutokea. Misuli huzoea kazi mpya kwa majuma machache. Kano huhitaji miezi. Kwa hiyo hatari humkabili zaidi yule ambaye kazi yake imeongezeka ghafla: karani anayecheza mpira mara moja kwa mwezi, au mkulima anayeingia machimboni baada ya msimu wa pamba.

Ugonjwa huanza polepole. Mtu aamkapo, hatua za kwanza huwa na maumivu na mguu hukakamaa. Akitembea hupata nafuu, kisha maumivu hurudi baada ya kazi. Zamani ilidhaniwa kuwa huo ni uvimbe wa kawaida, kama wa jeraha jipya. Uchunguzi kwa hadubini ulionyesha kwamba, katika ugonjwa uliokwisha kukomaa, tatizo kubwa ni nyuzi za kano kupoteza mpangilio wake. Ndiyo maana vidonge hutuliza maumivu bila kuiponya kano, nayo sindano ya steroidi ikichomwa ndani ya kano yaweza kuidhoofisha. Kulala tu kitandani nako huilegeza zaidi.

Tiba iliyoleta mabadiliko makubwa ilianza kwa kisa cha ajabu. Daktari Håkan Alfredson wa Sweden, aliyekuwa mkimbiaji, aliugua kano hiyo, na mkuu wake wa kazi akakataa kumpasua. Akaamua kuitesa kwa mazoezi mazito ili ikatike, apate kupasuliwa. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 15 waliofanya mazoezi hayo kwa majuma 12: wote walirudi kukimbia.

Zoezi lenyewe halihitaji mashine. Mgonjwa husimama kwa ncha za vidole ukingoni mwa ngazi imara ya baraza, akishika ukuta. Hujiinua kwa mguu mzima, kisha huteremsha kisigino cha mguu mgonjwa polepole hadi chini ya ukingo. Hufanya mara 15 kwa mizunguko 3, goti likiwa limenyooka; kisha vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo; mara 2 kila siku. Maumivu ya kadiri yanaruhusiwa. Yakiisha, huongeza uzito kwa mfuko wa mchanga mgongoni. Mwenye maumivu pale kano inaposhikana na mfupa asiteremshe kisigino chini ya ukingo.

Kukatika kwa kano ni jambo jingine kabisa. Mtu husikia mlio, hugeuka akidhani amepigwa teke, na haoni mtu. Kwa kuwa mara nyingi bado aweza kutembea kwa kuchechemea, huambiwa ameteguka, akakandwa kwa maji moto, na siku zenye thamani zikapotea. Kipimo chake ni rahisi: mgonjwa hulala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, na shavu la mguu hubinywa. Wayo usipojongea, yaelekea kano imekatika, naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huko mguu hufungwa plasta, wayo ukielekezwa chini ili ncha za kano zikutane, au hufanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Utafiti wa Norway uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja uwezo wa mguu ulilingana kwa njia zote mbili, ingawa kano ilikatika tena kwa wagonjwa 6 hivi katika kila 100 wasiopasuliwa, na chini ya 1 kwa waliopasuliwa.

Yafaa kutaja pia dawa ya siprofloksasini, ambayo watu wengi hujinunulia dukani bila cheti. Yeye na jamaa zake katika kundi la dawa hizo huweza kudhoofisha kano. Mwaka 2008 Marekani iliagiza onyo kali liandikwe juu yao. Hatari huzidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi. Anayeitumia akihisi maumivu ya kisigino, aache kukimbia na kubeba mizigo, na amwone daktari upesi ili abadilishiwe dawa.