Dondoo muhimu: Kula nje pwani ya Wabajuni

Birikau, ambayo ramani huiandika Burgao, ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Somalia. Usitarajie mkahawa wenye menyu, sembuse baa ya mvinyo, na kwa hali ya usalama hapaendeki kwa matembezi. Mapishi ya pwani hii mwenye shughuli zake atayakuta Kismayo. Wengine tushukie Lamu, upande wa Kenya.

Kismayo, wali huletwa na ndizi mbivu pembeni. Usiiweke ikawa tunda la mwisho: imenye, uimege, uile na wali na nyama tonge kwa tonge, kwa mkono wa kulia. Basta nayo ni chakula cha kila siku tangu enzi za Waitaliano, waliokabidhiwa eneo hili la Jubaland na Waingereza mwaka 1925. Chai huja na iliki na sukari tele. Kama hutaki tamu, sema mapema.

Samaki, omba umwone kabla hajakaangwa. Funua matamvua: yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Kusi ikivuma, mashua ndogo hazitoki sana, basi agiza mbuzi bila kuona haya.

Pombe Somalia ni marufuku, hata kuulizia usiulizie. Mji wa Kale wa Lamu nao migahawa mingi haiuzi; wapenda mvinyo huenda Shela, kwenye hoteli ya Peponi iliyofunguliwa 1967. Mimi naona samaki wa kupaka anakwenda vizuri zaidi na juisi ya ukwaju.

Mchana wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa. Subiri magharibi.