INSHA YA HOJA: MTAZAMO UNAOMWEKA BINADAMU KATIKATI

Mtahiniwa, katika insha ya hoja kukariri maana hakutoshi. Unatakiwa kuchagua upande na kuutetea kwa mifano.

1. Maana

Huu ni mtazamo kwamba binadamu ndiye mwenye thamani kuu duniani, na vitu vingine, kama mito, misitu na wanyama, vina thamani kwa kadiri vinavyomfaa yeye.

Usiuchanganye na utu. Utu ni kumheshimu kila mtu kwa sababu ni mtu. Unaweza kuwa na utu na bado ukaamini kwamba kiboko naye anastahili maji.

2. Mfano: Mto Ruaha Mkuu

Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka milimani hadi bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Hapo maji huingia katika mashamba ya mpunga na ardhioevu ya Ihefu. Yanayobaki hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa, kisha huelekea kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204).

Tangu miaka ya 1990, mto huu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na viboko hubanana katika madimbwi machache. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na hifadhi.

3. Hoja

*Kuunga mkono*
(a) Mpunga hulisha familia na kulipa ada za shule. Huenda hata yako.
(b) Mfugaji aliyeondolewa naye ana watoto. Kumjali kiboko na kumsahau yeye si haki.

*Kupinga*
(a) Maji yakiisha juu, umeme hupungua chini. Mchuma janga hula na wa kwao.
(b) Viboko, samaki na ndege walikuwapo kabla ya mifereji. Uhai wao una thamani hata kama hautuingizii shilingi.

Angalia vizuri: hoja (a) ya kupinga bado inaupima mto kwa faida ya binadamu. Inapinga ubinafsi wa watu wachache, haipingi mtazamo wenyewe. Ni hoja (b) pekee inayoupinga mtazamo huo. Ukiionesha tofauti hiyo, insha yako itakuwa na uzito.

4. Msimamo na hitimisho

Usimalize kwa kusema "pande zote zina ukweli" na kuishia hapo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuuweka mto hai, ndipo shughuli za kiuchumi. Hivyo mtu mwenye kiu yuko mbele ya mto, lakini mto uko mbele ya biashara. Je, unaukubali mpangilio huo? Jibu lako, pamoja na sababu zake, ndilo hitimisho lako.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya utu na mtazamo unaomweka binadamu katikati.
2. "Mto ni wa anayeuhitaji zaidi." Andika insha ya kuunga mkono au kupinga kauli hii, ukitumia mfano wa mto au msitu wa eneo lako.