Kigezo cha Lugha katika Tathmini ya Wazabuni wa Vitabu vya Kielektroniki: Mfano wa Msomaji wa Idodi

1.0 Utangulizi

Maktaba inapokusudia kuazimisha vitabu vya kielektroniki, kwa kawaida huwapima wazabuni kwa bei, idadi ya vitabu na ubora wa mitambo. Makala haya yanadai kwamba vigezo hivyo havitoshi pale wasomaji wanapotumia Kiswahili. Kitabu kisichopatikana kwa neno alilonalo msomaji ni sawa na kitabu kisichokuwapo, hata kama kimelipiwa. Hoja hii inafafanuliwa kwa kumzingatia msomaji wa Idodi, mkoani Iringa, kando ya njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako wakulima hulima mpunga na mahindi.

2.0 Kununua au Kukodi?

Tangu huduma za maktaba za umma zilipowekwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, kitabu kilichonunuliwa kilikuwa mali ya maktaba hadi kichakae. Kitabu cha kielektroniki aghalabu hutolewa kwa leseni. Mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins iliweka kikomo cha maazimo 26 kwa kila nakala ya kielektroniki iliyouzwa kwa maktaba. Baada ya hapo maktaba ililazimika kulipa tena. Kwa hiyo, kitenzi *kununua* katika zabuni za namna hiyo kina maana ya *kukodi*. Maktaba yenye bajeti finyu haina budi kuifahamu tofauti hiyo kabla ya kutia saini.

3.0 Tatizo la Utafutaji

Mitambo mingi ya kutafutia iliundwa kwa kuzingatia lugha zinazobadilisha mwisho wa neno. Kanuni mashuhuri ya Martin Porter, iliyochapishwa mwaka 1980, hukata viambishi tamati vya Kiingereza ili kulifikia shina. Katika Kiswahili, umoja na wingi wa nomino hujitokeza zaidi mwanzoni mwa neno. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. mkulima – wakulima
    b. ugonjwa – magonjwa
    c. jino – meno
(2) lima – analima – walilima – kilimo

Mtambo unaokata mwisho wa neno tu hauwezi kuhusisha maumbo ya (1a) na (1b), na (1c) ni ngumu zaidi kwa kuwa mzizi wenyewe umebadilika. Msomaji wa Idodi akiandika *magonjwa ya mpunga*, kitabu chenye anwani inayotaja *ugonjwa* kinaweza kumpita. Hali huwa mbaya zaidi iwapo mada za kitabu cha Kiswahili zimeorodheshwa kwa Kiingereza pekee.

Wanaleksikografia walikwisha kulikabili tatizo hili. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* (1981) huingiza nomino kwa umoja na vitenzi kwa shina. Hata hivyo, mtumiaji wa kamusi hufundishwa kanuni hiyo shuleni. Msomaji anayetafuta kitabu hawezi kutarajiwa kuijua kanuni ya mtambo asiouona.

4.0 Jaribio Linalopendekezwa

Kabla ya mkataba, maktaba ikusanye jozi ishirini za maneno kutoka kwa wasomaji wake, zikiwamo za ngeli mbalimbali na vitenzi vilivyonyambuliwa. Kila mzabuni atafutiwe maneno yaleyale, na matokeo ya umoja yalinganishwe na ya wingi. Pili, ithibitishwe kwamba kitabu kikishapakuliwa husomeka bila intaneti. Tatu, iulizwe ni nani anahifadhi kumbukumbu za usomaji, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za namna hiyo. Nne, mzabuni aruhusu maktaba kuongeza maandishi ya mahali, yakiwamo ya Kihehe.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba tathmini ya mzabuni ni suala la kiisimu pia. Jaribio lililopendekezwa halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mkutubi, karatasi na mjuzi wa mofolojia ya Kiswahili. Likiachwa, gharama yake italipwa na msomaji atakayeambiwa na mtambo kwamba kitabu hakipo, ilhali kipo.