Ini Lililotupwa kwa Mbwa: Somo Juu ya Tegu na Vifuko vya Maji

Siku ya kuchinja katika boma la wafugaji haipiti bila mbwa kupata sehemu yake. Mara nyingine mchinjaji akishapasua tumbo la kondoo hulikuta ini limejaa vivimbe vyeupe, kimoja kadiri ya yai na kingine kadiri ya punje ya mahindi, na kikitobolewa humwaga maji maangavu. Mwenye busara hasiti: nyama ya namna hiyo haiwafai watu. Hukata kipande kilichoharibika na kukitupa nje ya ua, ambako mbwa wamekwisha kukaa mkao wa kula.

Uamuzi huo unaonekana kuwa wa usafi, kumbe ndio unaoyaingiza maradhi nyumbani. Lau familia ingelila ini lile, isingepata vifuko vya maji kwa njia hiyo, kwa kuwa viluwiluwi vilivyomo havina uwezo wa kukua katika utumbo wa binadamu. Katika utumbo wa mbwa vinao. Hakuna anayeshauriwa kula nyama yenye maradhi. Linalosisitizwa ni kwamba hatari haikuondoka ini lilipotupwa, bali ilihamia kwa mnyama anayelala mlangoni na kucheza na watoto.

Mdudu anayehusika ni tegu mdogo mno, Echinococcus granulosus, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 7. Watu wengi wakisikia jina la tegu hufikiria utepe mrefu wa mita kadhaa unaotoka kwa mgonjwa aliyekula nyama mbichi ya ng'ombe. Huyu si yule. Huyu ana pingili chache tu, na mbwa mmoja aweza kubeba maelfu yake pasipo kukonda, kuharisha wala kupoteza hamu ya kula. Baada ya wiki sita hivi tangu mbwa ameze viluwiluwi, pingili ya mwisho hukomaa na mayai huanza kutoka pamoja na kinyesi. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia huyala mayai hayo wakiwa malishoni. Yai huanguliwa tumboni, kiluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kufika kwenye ini, ambako hujijengea kifuko. Mnyama akichinjwa na mbwa akapewa kifuko hicho, mzunguko umekamilika. Binadamu hakukusudiwa katika safari hii. Huingia kwa bahati mbaya anapomeza yai, naye huwa mahali pa kondoo. Kwa sababu damu itokayo utumboni hupita kwanza kwenye ini, wagonjwa wapatao 7 katika kila 10 huwa na kifuko katika ini, wawili katika mapafu, na waliosalia katika wengu, figo, mifupa au hata ubongo.

Namna mbwa anavyoishi ndiyo inayorahisisha mambo. Mbwa hujisafisha kwa ulimi, kuanzia nyuma hadi kwenye manyoya ya ubavuni, na ulimi huohuo ndio anaomlamba nao mwenyeji wake usoni akimkaribisha. Mayai ya tegu hunata, hivyo hukaa katika manyoya na puani. Mtoto anayemshika mbwa shingoni kisha akala ugali bila kunawa hahitaji kukanyaga kinyesi ili aambukizwe. Isitoshe, mayai haya huwa tayari kuambukiza papo hapo yanapotoka, na penye ubaridi na unyevu yaweza kuishi miezi mingi. Dawa za kawaida za kusafishia sakafu haziyaui. Moto, maji yanayochemka na ukavu wa jua kali ndivyo viyawezavyo.

Kuhusu aina za mbwa, wamiliki wengi wa mijini huamini kuwa maradhi ya namna hii ni ya mbwa koko, na kwamba mbwa wa Kijerumani au Rotwaila aliyenunuliwa kwa fedha nyingi yu salama. Imani hiyo haina msingi. Tegu hachagui nasaba, huchagua chakula. Tena mbwa wa kienyeji wa Afrika si mchanganyiko ovyo wa mbwa wa wageni kama inavyodhaniwa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kuwa wengi wao, hasa wa Uganda, wanatokana na ukoo wa kale wa barani humu. Ni mnyama aliyezoea kujitafutia, na hapo ndipo penye tatizo: mbwa asiyelishwa na mwenyewe hulishwa na machinjio.

Hakuna mahali katika Afrika Mashariki ambapo jambo hili limechunguzwa kama Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikadiria wagonjwa wapya 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika sehemu ya kaskazini, kiwango ambacho ni miongoni mwa vikubwa kupata kuandikwa duniani. Watafiti waliokwenda huko walikuta mbwa akiwa msaidizi wa mama. Katika nchi ambayo maji hufuatwa kwa mwendo wa saa nyingi, mbwa ndiye aliyemsafisha mtoto mchanga kwa kumlamba baada ya haja au matapishi. Wako walioliandika jambo hilo kwa mshangao usio na adabu. Lakini mama asiye na maji ya kunywa hawezi kulaumiwa kwa kukosa ya kuoshea, na mhudumu wa afya anayeanza kwa kumkemea hatasikilizwa tena. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kudhibiti ugonjwa: mbwa walipewa dawa, idadi yao ikapunguzwa, wananchi wakaelimishwa, na mashine za altrasaundi zinazobebeka zikapelekwa hadi kwenye maboma ili wagonjwa watambuliwe kabla matumbo hayajavimba. Upande wa Tanzania, vifuko vya aina hii vimeonekana katika mifugo inayochinjwa Ngorongoro, na wagonjwa wapo miongoni mwa wafugaji wa huko.

Mgonjwa wa vifuko vya maji hafiki zahanati akitetemeka kwa homa. Kifuko hukua polepole kwa miaka, na aliyemeza yai akiwa mtoto aweza kugunduliwa akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Hufika na uzito upande wa kulia wa tumbo, au uvimbe usiouma, pengine na macho ya manjano ikiwa njia ya nyongo imebanwa. Mwenye kifuko katika pafu hukohoa, na baadhi hutemea damu. Asipopigwa eksirei aweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu bila kuwa na kifua kikuu. Wako wanaosimulia kwamba walikohoa ghafla maji mengi yenye chumvi pamoja na vipande vya utando mfano wa ganda la zabibu. Msimulizi huyo asipuuzwe: kifuko chake kimepasuka.

Kwa mhudumu wa afya wa maeneo ya wafugaji, jambo moja linapita mengine yote. Uvimbe wa tumbo usichomwe sindano ili kuona kilichomo kabla ya altrasaundi. Maji ya kifuko yakimwagika ndani ya mwili yaweza kuleta mzio mkali unaoshusha shinikizo la damu na kuua kwa dakika chache, na viluwiluwi vinavyosambaa huota vifuko vipya tumboni kote. Ipo njia halali ya kuvuta maji hayo kwa sindano na kuingiza dawa ya kuua viluwiluwi, lakini hufanywa na wataalamu, kwa kuongozwa na altrasaundi, mgonjwa akiwa amekwisha kuanza albendazoli na adrenalini ikiwa tayari. Kwa vifuko vya mapafu haitumiki. Na kipimo cha damu kikisema hakuna, kisiaminiwe peke yake. Wapo wagonjwa wenye kifuko dhahiri ambao damu yao haionyeshi kitu.

Si kila kifuko kinachohitaji kisu. Kifuko kilichokwisha kukauka na kuwa kigumu, kisicho na maji ndani, mara nyingi huachwa na kufuatiliwa kwa picha. Vidogo hutibiwa kwa albendazoli peke yake, na vikubwa vyenye vifuko vingine ndani yake kwa kawaida huhitaji upasuaji. Hapa huzuka mkanganyo unaostahili kuelezwa kwa mgonjwa bila haraka. Albendazoli ndicho kidonge kilekile ambacho watoto hupewa shuleni mara moja kwa ajili ya minyoo ya tumbo. Mgonjwa akiambiwa atumie miligramu 400 asubuhi na jioni kwa miezi mitatu hadi sita, hushangaa, na baada ya wiki moja huacha akidhani ameshapona kama mwanawe alivyopona. Aelezwe kwamba dozi moja haiwezi kupenya ukuta wa kifuko. Ameze dawa pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Na arudi kupimwa ini na damu kila apangiwapo. Mwanamke mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, hapewi dawa hii, na aliye katika umri wa kuzaa huulizwa kwanza.

Mkanganyo kama huo upo pia kwa mbwa. Mwenye mbwa akiulizwa hujibu kwamba mnyama wake amepewa dawa ya minyoo, na husema kweli. Swali linalofuata ndilo lenye maana: dawa gani? Piperazini na pirantel hufukuza minyoo ya mviringo lakini hazimgusi tegu huyu, wala aivamektini haimwezi. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa. Panapo maambukizi mengi hurudiwa kila wiki sita, maana muda huo ndio tegu mpya anaohitaji ili aanze kutoa mayai. Prazikwanteli huua tegu lakini haiyaui mayai yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo mbwa afungwe kwa siku mbili baada ya kumeza dawa, na kinyesi chake kichomwe au kifukiwe kwa kina, mbali na maji na watoto.

Aivamektini inahitaji tahadhari nyingine pia. Wafugaji wengine humchoma mbwa sindano ya ng'ombe ili kumwondolea kupe na viroboto. Mbwa wa jamii ya Collie na baadhi ya mbwa wengine wa kuchungia kondoo waliotoka Ulaya hubeba hitilafu ya kinasaba inayoruhusu dawa hiyo kuingia katika ubongo, na dozi ambayo ng'ombe huivumilia huweza kuwaua. Aina ya mbwa ina uzito hapo kweli. Daktari wa mifugo aulizwe kabla ya sindano.

Watoto wa mbwa wana minyoo yao. Wengi huzaliwa wakiwa tayari na minyoo ya mviringo iliyopitia kondo la nyuma la mama, ndiyo maana hupewa dawa tangu wiki ya pili ya umri na kurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane. Mayai ya minyoo hiyo, tofauti na ya tegu, huhitaji wiki mbili au zaidi katika udongo kabla ya kuweza kuambukiza. Mwenye kuzoa kinyesi kila siku amekwisha kushinda nusu ya vita. Kuhusu kichaa cha mbwa, chanjo ya kila mwaka na kuosha jeraha la kung'atwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali havina mbadala.

Wanaodhani kwamba bila dawa za kisasa hakuna linalowezekana wafikirie Iceland. Mwaka 1863 tabibu wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda katika kisiwa hicho cha wafuga kondoo, ambako vifuko vya maji vilikuwa janga la taifa. Alichunguza mbwa 100 na kumkuta tegu katika 28. Mwaka uliofuata kilichapishwa kijitabu chake cha kueleza mzunguko wa tegu kwa lugha ya wenyeji, kikagawiwa majumbani na kusomwa katika jioni ndefu za baridi. Baadaye zikatungwa sheria kuhusu kuwapa mbwa dawa na kuharibu viungo vyenye vifuko. Prazikwanteli ilikuwa bado zaidi ya karne moja mbele. Dawa za wakati ule zilikuwa hafifu na zenye kumtesa mnyama. Hata hivyo ugonjwa ulipungua kizazi baada ya kizazi hadi ukatoweka, kwa sababu mbwa hakupewa tena ini la kondoo.

Mazingira ya Iceland siyo ya Turkana wala ya Ngorongoro. Penye ardhi ngumu, kuchimba shimo refu kwa kila kondoo ni kazi isiyotekelezeka, na shimo fupi mbwa hulifukua usiku uleule. Penye kuni, kuchemsha ini na mapafu katika sufuria kwa nusu saa au zaidi kunatosha kuviua viluwiluwi, na mbwa akapata mlo wake kwa halali. Pasipo kuni za kutosha, maboma kadhaa yanaweza kuchinjia mahali pamoja penye shimo moja lenye kifuniko na uzio wa miiba. Katika minada na machinjio madogo mkaguzi wa nyama anapaswa kuhakikisha kwamba kiungo alichokikataa hakitoki kwa mlango wa nyuma. Na katika zahanati, pale daftari la mgonjwa mwenye uvimbe wa tumbo linapofunguliwa, yaongezwe maswali mawili: kama nyumbani kuna mbwa, na siku ya kuchinja mbwa huyo hupewa nini.